Kapita wa Beteri na Mstari wa Nne

Kapita wa beteri alikuwa na mikono mizuri. Nalisema hilo mapema nisije nikaambiwa sikumtendea haki, maana baada ya mikono sina kubwa la kumsifia. Vidole vyake vilikuwa virefu, vikavu, havitetemeki, na aliweza kumimina maji kwenye tundu dogo la beteri kwa birika la chai bila kudondosha hata tone. Ukimtazama kwa mbali akiwa kazini, ungeapa kwamba huyu ni mtu anayejua anachokifanya. Matatizo yalianza ukisogea karibu, na yalizidi akifungua kinywa.

Nilifanya kazi naye miaka sita kwenye mgodi wa bati, mlimani, kati ya Lusangi na Kabambare, enzi za Wabelgiji. Yeye alikuwa kapita, yaani msimamizi, na alichaji beteri za taa ambazo wachimbaji walivaa kichwani, beteri zenyewe zikining'inia kiunoni. Mimi nilikuwa karani wa dirisha. Asubuhi mchimbaji alinikabidhi kibati chake chenye namba, nikampa taa. Zamu ikiisha alirudisha taa, nikampa kibati chake. Kati ya dirisha langu na chumba chake palikuwa na ukuta wa mbao tu, tena mbao zenye nyufa, kwa hiyo nilimwona na kumsikia kutwa nzima, nitake nisitake.

Ndani ya shimo lile alikuwamo mdogo wangu, mtoto wa mama yangu. Aliingia na miguu miwili, akatoka na mmoja na nusu, na ile nusu ikakatwa hospitali ya Kasongo. Hiyo ilikuwa kazi ya taa za kapita huyu. Naliweka wazi tangu sasa, ili msomaji akiniona namcheka mzee wa watu ajue kicheko changu kina sababu. Tena mdogo wangu mwenyewe ndiye anayezipenda habari hizi kuliko wote. Akiwa amekaa barazani kwake Kasongo, mguu wa mti umeegemezwa ukutani, huniambia, "Kaka, tuambie ile ya siki," na watoto husogeza vigoda.

Basi, ile ya siki. Beteri za taa zetu zilikuwa za nikeli, na maji yake ni ya potasi. Potasi ikikudondokea inakula ngozi, nawe unaiosha kwa siki upesi. Kwa hiyo Mzungu wa mashini alimletea kapita chupa kubwa ya siki, akaipanga rafuni, akamwonyesha kwa vidole: potasi, mkono, siki. Kapita akaitikia kwa kichwa. Wiki ileile siki ilihamia nyumbani kwake, kwa sababu alikuwa amegundua kwamba inakwenda vizuri na samaki wa mto Luama, na chupa ya rafuni akaijaza maji ya mtoni ili Mzungu akipita aione imejaa. Siku potasi ilipomrukia kweli mkononi, alijimwagia ile chupa yote huku akisema, "Dawa iko, dawa iko," na mkono ukazidi kuwaka. Alipokumbuka, alitimua mbio mpaka nyumbani. Mke wake alikuwa anawaandalia wageni, shemeji zake kutoka Kabambare. Kapita akapita katikati yao bila hodi wala salamu, akazamisha mkono kwenye bakuli la samaki.

"Ee Mungu!" mke wake akalia. "Wageni hawajanawa ata kidole, na weye umeingiza yako mpaka kwa kiwiko!"

"Nyamaza, mama," akajibu bila kuutoa. "Hii ni kazi ya Kampuni."

Alijua kujikweza, hilo hakujifunza kwa mtu. Alikuwa na kabuti la khaki lililotobolewatobolewa na asidi ya beteri za malori, na alilivaa hadi kanisani, amekaa mbele kabisa, matundu yote yakionekana. Ukimwuliza kwa nini mke wake hatii viraka, alikutazama kwa huruma. Kwake kila tundu lilikuwa cheo. Wapya walipoletwa mgodini aliwapitisha mbele ya meza ya kuchajia, nyaya nyekundu na nyeusi zimelala kwa mstari na yote yamefutwa vumbi, akawaambia, "Muko na macho juu miye niko hapa. Miye nikilala, nyote ni vipofu." Hapo hakukosea, ingawa hakulisema kwa maana iliyotufika.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana upumbavu wake hauonekani vizuri bila kazi. Beteri za lori ni za risasi na asidi. Beteri za taa zetu ni za nikeli na potasi. Kapita alikuwa amejifunza kwenye malori, Kasongo, gereji ya Mgiriki mmoja, na alichokijua huko alikuja nacho mgodini kama mtu aliyebeba kitanda chake. Kwenye beteri ya lori unatumbukiza kipimo, kichupa cha kioo chenye kiboya ndani, unavuta maji kidogo. Beteri ikiwa na njaa kiboya kinazama, ikishiba kinapanda. Ni kazi safi, na naamini alikuwa fundi mzuri wa malori.

Lakini maji ya beteri ya nikeli hayakwambii kitu. Yanabaki na uzito uleule, iwe imeshiba au haina hata chembe ya umeme. Mzungu wa mashini alimfundisha njia mbili za kuichaji. Ya kwanza ni ya polepole: unaipa umeme kidogo tangu taa zinaporudi hadi zinapotoka kesho yake, unahesabu saa, basi. Ya pili ni ya haraka: umeme mwingi kwa saa chache, mkono wako ukiwa juu ya ganda, na beteri ikipata joto la mtoto mwenye homa, unapunguza. Njia zote mbili zinataka utazame saa ya ukutani na sindano ya mita. Hakuna inayotaka kiboya.

Kapita alizisikiliza zote mbili, akatikisa kichwa kwa adabu, kisha Mzungu alipoondoka akaanzisha ya tatu.

"Batri iko na tumbo, sawa weye na miye," aliniambia kupitia dirishani. "Saa ya ukuta inajua nini ya tumbo yangu? Maji ndiyo inasema kweli."

Basi akawa anatumbukiza kipimo kwenye beteri za nikeli. Kiboya hakikupanda. Anaongeza umeme, anatumbukiza tena, hakipandi. Anaongeza. Maji yanatokota, povu linafurika juu ya vifuniko, chumba kinanuka, naye amesimama katikati na kipimo chake akizitukana. "Batri za kiburi hizi! Zinakula, zinajamba, na bado zinakatala zimeshiba!" Halafu anazigeuzia upole, anazifuta kwa kitambaa, anazibembeleza, "Kula mama, kula kidogo tena." Mimi na dereva wa lori tulikuwa tunaziba midomo upande wa pili wa mbao. Dereva alikuwa rafiki yangu, na starehe yetu kubwa pale mlimani ilikuwa kapita.

Ubaya haukuwa kule kuzilisha kupita kiasi tu. Ubaya ulikuwa kipimo chenyewe. Alikuwa nacho kimoja. Beteri za malori ya Kampuni zililetwa kwake pia, akazipima kwa kipimo hicho hicho, kisha akageuka na kukitumbukiza kwenye za taa, na asidi yake ikidondoka. Tone leo, tone kesho, na asidi ndiyo sumu ya beteri ya nikeli. Inaiharibu ndani kwa ndani, polepole, na kwa nje huoni kitu.

Kuna mtu mmoja tu aliyewahi kumgusia jambo hilo mbele yangu, naye alikuwa mke wake, aliyemletea chakula akakuta anahamisha kipimo kutoka beteri hadi beteri. Alisema tu kwamba nyumbani kijiko cha pilipili hakiingii kwenye uji. Kapita akamjibu kwa subira.

"Hii potasi ni nini? Ni chumvi ya majivu. Mama yako alichoma majani ya mtoni, akachuja majivu, akapata chumvi, tukala, tukakua. Na asidi ni nini? Ni siki yenye hasira. Chumvi na siki si vinaingia chungu moja na samaki? Sasa batri itakufa juu ya nini?"

Mtu mwenye akili ya kufikiri hivyo anatisha zaidi ya mjinga wa kawaida. Mjinga wa kawaida angeogopa, angeuliza. Huyu alikuwa na jiko zima la kumtetea.

Na karatasi? Mzungu alimwachia karatasi ya maagizo kwa Kifaransa, mistari tisa, haina picha hata moja ya kumwokoa. Hakumwuliza kama anajua kusoma. Mzungu yule alikuwa mtu wa kuacha karatasi na kwenda zake. Alipita mara moja kwa mwezi, leso puani, akatazama kama meza ni safi, na meza siku zote ilikuwa safi. Kapita aliibandika karatasi ukutani kwa misumari minne, kichwa chini miguu juu. Ilikaa hivyo miezi na miezi. Akija mtu na hoja, kapita aliinua kidole kirefu na kukipitisha kwenye mistari, kutoka kushoto kwenda kulia kama msomi, midomo ikicheza.

"Imeandikwa hapa," angesema.

"Mustari wa ngapi, kapita?" dereva angeuliza, uso mkavu.

"Wa tatu." Na kidole kiko kwenye wa saba, umepinduka.

Mimi nilisoma kwa mapadri Kasongo hadi nikaweza kuandika barua za Kifaransa. Kicheko nilichokimeza siku hizo kingetosha kunipasua.

Lakini hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi, kwa sababu mtu mbaya ni rahisi kumsimulia. Hakumpiga mtu, na wakati ule kila aliyepewa ukapita alidhani amepewa pia fimbo. Mchimbaji akirudi na kidonda alikifunga yeye, kwa vile vidole vyake. Aliacha chakula kipoe kuliko kuziacha beteri peke yake. Halafu mtu huyohuyo alisimama mbele ya nyapara wa shimo na kuwasingizia wenzake bila kupepesa macho.

Ilitokea hivi. Taa zilianza kufa kabla ya zamu kuisha. Mwanzoni nusu saa, baadaye saa nzima, na kadiri miezi ilivyopita zaidi ya hapo. Wachimbaji walitoka wanapapasa ukuta, wakaja dirishani wananung'unika. Kapita akapanda hasira. Taa zake zife? Alikuwa amezilisha mpaka zikafurika! Akatafuta kisa, akakipata: wanazizima wenyewe makusudi wapate kulala gizani. Akamweleza nyapara, akamwonyesha ukutani. "Imeandikwa hapa. Taa ikizimika mbele ya saa, mwenye taa ndiye aliizima." Tangu siku hiyo, kila aliyetoka na taa iliyokufa alibebeshwa mawe ya barabarani baada ya kazi, huku wenzake wanakwenda kuoga. Wazee wenye watoto wakubwa walibeba mawe kwa sababu ya mstari ambao haukuwapo. Bado nikiukumbuka msururu ule nataka kutema mate.

Mdogo wangu alibeba mawe siku tatu. Siku ya tatu alikuja dirishani, mabega yamechubuka.

"Kaka, miye sijazima taa. Nakuapia kwa mama. Inakufa yenyewe."

"Najua," nikamwambia.

"Sasa nifanye je?"

Nikamwambia aache, nitaliangalia. Na kweli niliangalia. Tangu kesho yake namba ya kibati haikuwa na maana kwangu: nilimchagulia taa. Zilikuwapo kumi zilizoletwa baada ya nyingine, bado zina nguvu, na kila asubuhi nilimwekea mojawapo chini ya dirisha, nimeifunika kwa gunia. Hakubeba mawe tena. Akawa anatoka shimoni kichwa kinang'aa, anapita mbele ya waliobebeshwa mawe, anainamisha uso kwa aibu. Mimi nilijiona kaka wa maana sana.

Mguu ulivunjika siku ya kazi kama nyingine, kabla ya saa sita mchana. Huko ndani mchana hauna faida. Mdogo wangu alikuwa mbele, kwenye mteremko wa reli, anaondoa jiwe lililokwama njiani. Nyuma yake, juu, mtu mwingine alikuwa ameshika breki ya gari la mawe. Taa ya yule wa juu ikafa. Katika giza aliisogeza mikono apate kuishika breki vizuri zaidi, akashika hewa, na gari likateremka. Walipomfikia mdogo wangu, taa yake, ile niliyomchagulia, ilikuwa bado inawaka kichwani mwake, na kwa mwanga wake ndipo walipoona mguu ulivyokuwa.

Kapita alifika mlangoni mwa shimo kabla yangu. Alimbeba mdogo wangu mgongoni mpaka kwenye lori, mtu mzima yule, damu ikimtiririkia kwenye kabuti, akapanda naye nyuma, akaushika ule mguu mapajani mwake njia yote hadi Kasongo ili mashimo ya barabara yasiutikise. Hayo dereva aliniambia baadaye. Mimi nilibaki dirishani. Mtu alipaswa kuzipokea taa.

Baada ya siku chache Mzungu wa mashini alikuja kuuliza. Alitukusanya chumba cha beteri: kapita, nyapara, dereva, mimi, na wachimbaji wamejaa mlangoni. Alifungua beteri moja, akanusa, akatazama kipimo kimoja juu ya meza, akageuka mwekundu.

"Nani alikuruhusu kutumia hiki pande zote mbili?" akamwuliza kapita. "Karatasi nilikuachia. Karatasi inasema nini?"

Kapita akainua kile kidole. Akakipitisha kwenye mistari, midomo ikicheza, haitoki sauti.

Nikasema mimi. "Mstari wa nne, bwana. Chombo chochote kilichogusa asidi kisiguse kamwe beteri hizi, hata kikiwa kimeoshwa." Nikalisema kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili ili wote wasikie. Ndipo Mzungu aliposogea ukutani na kugundua kwamba karatasi imepinduka. Aliing'oa, akaigeuza, akamsukumia kapita kifuani. Mlangoni mtu akaangua kicheko, kisha wote. Nami nilicheka kwa sauti, hadharani, baada ya miaka ya kucheka kwa kujiziba. Sikuwahi kuonja kitu kitamu kama kile.

Kapita alifukuzwa siku hiyo. Alikunja kabuti lake, akaikunja na karatasi, akaenda. Nafasi yake nilipewa mimi. Beteri mpya zilipoletwa nilizichaji kwa njia ya polepole, kwa saa ya ukutani, na taa zikadumu zamu nzima. Za malori nilizihamishia banda jingine pamoja na kipimo chao, nikakifunga kitambaa chekundu shingoni. Mzungu alinisifu mbele ya watu. Mawe ya barabarani yakakosa wabebaji.

Nilimwona kapita yule mara moja tu baada ya hapo, Nyangwe, mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Mke wa mdogo wangu ni wa Nyangwe. Baba wa mke huyo alikuwa amefariki, na kwa kuwa mdogo wangu alikuwa na kidonda kwenye kile kigutu, nilikwenda kilioni kwa niaba yake. Siku ya pili mchana nilishuka kuuona mto, nikamkuta kando ya mitumbwi, amekaa chini, anasuka mgono wa kunasia samaki. Niliitambua mikono kwanza. Kabuti lilikuwa lilelile, na sasa lilikuwa matundu matupu. Nilifurahi, siwafichi. Nilianza kupanga namna nitakavyowasimulia Kasongo.

"Karibu, karani," akasema bila kuinuka.

"Siku hizi ni kapita," nikamwambia.

"Nilisikia. Pole na kilio. Mudogo wako iko namna gani?"

Nikamwambia habari ya kidonda. Akaniuliza kama kinatoa maji au usaha, akaniambia kifungwe vipi. Halafu akaendelea kusuka, nami nikasimama pale kama mtu aliyeitwa ofisini.

"Amekuja hapa mara mbili, kwa wakwe zake," akasema. "Mara ya kwanza nilimukimbia. Mara ya pili alinifuata na ile fimbo yake mpaka hapa kwa mchanga. Nikapiga magoti. Akaniambia, 'Baba, simama, ulikuwa haujui.' Akanisamehe."

"Ana moyo mzuri," nikasema.

"Iko na moyo." Akavuta ufito, akaukaza. "Karani, siku ile Muzungu aliuliza. Makaratasi ilikuwa bado kichwa chini. Weye ulisema mustari wa ine. Haukugeuza shingo. Haukuangalia ukuta ata kidogo. Ulikuwa unaniangalia miye."

Nikaigeukia mitumbwi.

"Miye sijui kusoma. Lakini najua namna mutu anasoma. Padri anasoma misa yake bila kuangalia kitabu, juu ameisoma kila siku." Aliongea taratibu, bila ugomvi. "Ulikuwa unaisoma tangu lini?"

Ningeweza kudanganya. Nadhani ilikuwa ile mikono, jinsi ilivyoendelea tu na kazi. "Karibu mwaka," nikasema.

"Ndiyo. Na dereva mulikuwa munacheka. Ile ukuta ilikuwa ya mbao, karani. Miye pia nilikuwa nasikia."

Nikamwambia kwamba asingenisikiliza. Nikamkumbusha alivyomjibu mke wake, habari ya chumvi na siki. Nilizungumza sana. Nilimwambia kila kitu isipokuwa kwamba nilikuwa nasubiri aanguke, kwamba nilitaka siku hiyo iwe na watu wengi, na kwamba niliona taa zinakufa moja baada ya moja nikajihakikishia kwamba bado kidogo, bado kidogo, maadamu ya mdogo wangu inawaka.

"Labda singesikia," akasema. "Nilikuwa mutu wa kichwa kigumu. Lakini haukusema ata mara moja."

Akamaliza mgono, akaukagua kwa kuuzungusha, akanipa. "Mupelekee. Mutu wa muguu moja anaweza kutega samaki, haitaki kukimbia." Kisha, nilipokuwa tayari nimegeuka, akaongeza: "Alipokuja, sikumwambia tuko wawili. Alinisamehe, nikakubali peke yangu. Ile ingine iko yako ya kuomba."

Nilirudi Kasongo na mgono begani. Mdogo wangu alikuwa barazani, kigutu kimefungwa vitambaa. Aliupokea, akaupitisha vidole, akausifia ulivyokazwa.

"Umemwona kapita," akasema.

"Nimemwona."

"Alikuambia nini?"

Watoto walikuwa wamekwisha sogeza vigoda. Nikamwambia bado anavaa lile kabuti la matundu, na akaanza kutabasamu. Nikamwuliza kama anakumbuka ile ya siki. Akasema niisimulie tena, tangu mwanzo, na nilipofika kwa mke wa kapita na bakuli la samaki alikuwa anacheka mpaka machozi, amenishika bega asianguke. Nami nikaendelea kusimulia.